Lifti ya bure inagharimu kiasi gani?

Mwezi Machi tulipewa lifti ya bure.

"Sisi" hapa ni klabu ya kijiji kimoja huku Maine inayoendesha kilima kidogo cha kuteleza kwenye theluji: njia tisa, kibanda kimoja cha chipsi na chokoleti ya moto, na lifti moja ya viti viwili viwili iliyosimikwa kabla sijazaliwa. Mimi ni mjumbe wa kamati, na najua wengi mnaosikiliza kipindi chetu mmeshanicheka kwa hilo. Mtu ambaye mama yake ni wa Lushoto, kwenye kamati ya barafu! Chekeni tu. Nilijifunza kuteleza kwenye kilima hicho nikiwa darasa la nne, kwa sababu shule ilikuwa inatupeleka kila Ijumaa kwa dola chache, na nilipofika miaka 17 kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa pale pale, kusimama chini ya lifti na kushika kiti kisimgonge mtu magotini.

Waliotupa ni kituo kikubwa, saa chache kutoka kwetu. Wanaweka lifti mpya ya watu sita, na ile ya zamani inawazibia njia. Barua yao ilikuwa fupi: ni yenu, bure, mradi iwe imeng'olewa na kuondolewa kabla ya mwisho wa Juni. Kamati nzima ilishangilia. Kuna aliyeanza hapo hapo kutafuta jina la kuipa. Mimi nilikaa kimya, nikasema nipeni wiki tatu nisome watu wengine walifanyaje. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kuipanda (mlioko Dubai hamna kisingizio, mnayo ndani ya Mall of the Emirates tangu 2005): lifti ya viti ni waya mnene wa chuma unaozunguka bila kukoma kati ya magurudumu mawili makubwa, moja chini na moja juu ya mlima. Katikati kuna nguzo zenye makapi ya kuubeba waya. Viti vinaning'inia kwenye waya huo. Zipo za aina mbili. Kwenye aina ya kwanza kiti kimebanwa kwenye waya, hakiachii, kwa hiyo lazima waya uende polepole, kama mita mbili na kitu kwa sekunde, mtu aweze kukaa bila kuvunjika. Kwenye ya pili, kiti kikifika kituoni kinauachia waya, kinakwenda taratibu watu wakae, kisha kinaushika tena na kuondoka kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde. Lifti ya kwanza ya aina hiyo yenye viti vya watu wanne iliwekwa Breckenridge, Colorado, mwaka 1981. Tangu hapo wateja wamezoea kasi, na vilima vidogo vimebaki na aina ya kwanza, kwa sababu bei ya ile ya pili ni mamilioni mengi ya dola na sisi akaunti yetu ikiona hata laki tunafanya sherehe.

Lakini mambo hayakuanza kwa mamilioni. Januari 1934, kwenye shamba la Clinton Gilbert huko Woodstock, Vermont, kamba ndefu ilifungwa kwenye injini ya Ford Model T ikawa inazunguka kupanda na kushuka mlima. Unaishika kwa glavu, inakuvuta. Glavu zinatoboka na mabega yanauma, lakini umefika juu bila kupanda kwa miguu. Ilikuwa ya kwanza Marekani. Quebec, upande wa Kanada, walikuwa wametangulia kidogo. Baada ya hapo kila mkulima mwenye mteremko na gari bovu aliweza kufungua biashara. Ndiyo maana New England ilijaa vilima vidogo, na ndiyo maana vingi vilikufa bila mtu kusikia: mradi mmoja wa historia ya huku umeorodhesha zaidi ya 600 vilivyofungwa.

Msiidharau kamba, lakini. Buck Hill, nje kidogo ya Minneapolis, kina urefu wa kama mita 95 tu kutoka chini hadi juu, na bado kinatumia kamba za kuvuta kwa ajili ya vijana wa mashindano. Kamba ina kasi. Unapanda na kushuka mara nyingi kwa jioni moja kuliko ukikaa kitini. Lindsey Vonn, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki, alilelewa kwenye kilima hicho. Nilipendekeza kamba kwenye kikao. Nilijibiwa kwamba wateja wetu wakubwa ni watoto wa darasa la pili na babu zao, na babu hawezi kuning'inia kwenye kamba. Kweli.

Kiti chenyewe kilizaliwa kwa matajiri, tena kwa ndizi. Averell Harriman, mwenyekiti wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alitaka abiria wakati wa baridi, akaamua kujenga mji wa kuteleza huko Sun Valley, Idaho. Mhandisi wake mmoja, James Curran, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini kule Honduras: mikungu inaning'inia kwenye kulabu, mtambo unazunguka, ndizi zinaingia melini bila kuchubuka. Curran akaona, toa kulabu, weka kiti. Wakubwa waliona ni hatari, mchoro ukawekwa kando, mpaka mshauri wao wa mambo ya theluji, Charlie Proctor, alipoutetea. Kiangazi cha 1936 wakaufanyia majaribio Omaha, Nebraska, mahali tambarare pasipo hata chembe ya theluji: kiti kimefungwa ubavuni mwa gari, gari linaendeshwa, mtu amesimama na viatu vya magurudumu anasubiri kizoewe. Desemba mwaka huo huo Sun Valley ikafunguliwa na lifti za viti za kwanza duniani. Nilipomweleza mama habari ya ndizi, alisema, "Ndiyo maana wanawapakia kama mzigo."

Sasa, sehemu iliyonifanya nikae wima ni hii. Miaka kumi na kitu baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, bwana mmoja wa Michigan aitwaye Everett Kircher alikuwa anaanzisha kilima chake, Boyne Mountain, na hakuwa na hela ya lifti mpya. Sun Valley walikuwa wanaiondoa ile ya Dollar Mountain, moja ya zile za mwanzo kabisa. Akainunua kwa dola 4,800, akaisafirisha, akaisimamisha. Yaani moja ya lifti za viti za kwanza duniani iliishia kuwa mtumba! Na kampuni iliyoanzia pale, Boyne, leo ndiyo yenye Sunday River na Sugarloaf, milima miwili mikubwa ya kuteleza hapa hapa Maine.

Na si hiyo peke yake. Lifti nyingine ya Sun Valley, ya kiti kimoja kimoja, ya mwaka 1939, ilihamishiwa Cordova, Alaska, mwaka 1974. Cordova ni mji wa wavuvi, hauna hata barabara ya kuuunganisha na miji mingine. Unafika kwa boti au ndege. Lakini una lifti juu ya mji, kwenye Mount Eyak, na ni mtumba wa matajiri wa miaka ya 1930.

Nikasema basi, jibu ni hili. Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo kila kitu kilikuwa cha mtumba, kuanzia koti la shule hadi gari, tunajua raha yake. Nikaanza hata kuandika hotuba ya kuunga mkono. Kisha nikampigia fundi wetu, mzee aliyenifundisha kazi nikiwa na miaka 17, akaniuliza swali moja tu: "Umesoma kanuni za kuhamisha?"

Sikuwa nimesoma. Kuna kiwango cha taifa kinachosimamia lifti hizi, kinaitwa ANSI B77.1. Kanuni yake moja ndiyo iliyogeuza hesabu yangu yote: lifti iliyosimama mahali pake inakaguliwa kama ya zamani, lakini ukiing'oa na kuisimamisha mlima mwingine, inahesabiwa kuwa mpya. Mtumba wako, siku unapotua, sheria inauita mpya. Misingi ya zege ni mipya, kwa sababu zege haling'oki. Mchoro wa mhandisi ni mpya, kwa sababu mteremko wetu si wao: nguzo zao ni ndefu pale ambapo sisi tunataka fupi. Mfumo wa umeme na breki unatakiwa ufikie masharti ya leo. Vishikio vya viti, kimoja kimoja, vipimwe nyufa zisizoonekana kwa macho. Na katikati ya msitu wetu hakuna barabara ya lori la zege, kwa hiyo zege na nguzo hubebwa kwa helikopta, inayolipwa kwa saa. Baada ya yote hayo, bure inabaki ni chuma peke yake.

Masharti haya hayakutoka hewani. Kati ya miaka ya 1970 na 1980 kulikuwa na kampuni iliyosifika kwa lifti nyepesi za bei nzuri, Lift Engineering ya Nevada, maarufu kwa jina la Yan. Desemba 1985, huko Keystone, Colorado, gurudumu kubwa la juu la lifti yao liliachia; watu wawili walikufa na makumi wakaumia. Desemba 1995, Whistler, Kanada, viti vya lifti yao nyingine viliteleza kwenye waya vikagongana na kuanguka. Wakafa tena wawili. Mwaka uliofuata kampuni ilifilisika. Kwa hiyo mkaguzi akija na tochi yake na kuuliza maswali ya kijinga, mimi simnunii.

Magic Mountain, Vermont, ni mlima wenye wapenzi wengi na hela kidogo, kama sisi ila mkubwa kidogo. Mwaka 2018 walinunua lifti ya watu wanne kutoka kwa jirani yao Stratton, aliyekuwa anaweka mpya. Mpango ulikuwa iwe juu haraka. Ilianza kubeba watu msimu wa 2023/24. Miaka mitano! Katikati palikuwa na korona, makandarasi waliokwama, na kila kitu kinachoweza kuchelewa. Walifika, na nawapongeza kwa dhati. Lakini nilijiuliza, sisi tukikaa misimu mitano na lifti nusu, nguzo zimelala kwenye nyasi, nani atabaki kwenye klabu?

Maana kilima kisipokuwa na lifti kinakufa haraka. Tuna mfano hapa hapa jimboni. Saddleback, juu ya mji wa Rangeley, ni moja ya milima mikubwa ya Maine. Mwaka 2015 lifti yao kuu ya viti viwili ilikuwa imezidi miaka 50. Wenye mlima walisema wanahitaji dola milioni 3 kuweka ya watu wanne, ile ile aina ya polepole, na bila hizo hawafungui. Hazikupatikana. Mlima ulifungwa misimu mitano, hadi Desemba 2020, walipokuja wenye mtaji wakaufungua na lifti mpya ya kasi. Rangeley ni mji mdogo. Wakati wa baridi, mlima ndio hoteli, ndio mgahawa, ndio kazi ya vijana. Kwa ajili ya kiti kimoja, mji mzima ulikaa ukisubiri.

Nchi nzima hali ni hiyo hiyo. Msimu wa 1982/83 Marekani ilikuwa na vituo 735 vya kuteleza. Miaka 30 baadaye havikufika 480. Sitaki kusema vyote viliuawa na bei ya lifti. Kuna theluji iliyopungua, kuna bima, kuna watoto wenye simu. Ila ukisoma kilima kimoja kimoja, mara nyingi siku ya mwisho ni siku kitu fulani cha chuma kilipoharibika na bei ya kukitengeneza ikawa kubwa kuliko mapato ya msimu.

Waliokwepa hilo kwa njia niliyoipenda zaidi ni Mad River Glen, Vermont. Lifti yao ya kiti kimoja kimoja ilifunguliwa Desemba 1948. Tangu 1995 mlima ni mali ya ushirika, wateja wenyewe ndio wenye hisa. Ilipofika wakati wa kuamua, wangeweza kuweka ya viti viwili kama watu wengine. Walipiga kura kuibakiza ile ile. Mwaka 2007 waliiteremsha nguzo kwa nguzo, wakaisugua kutu, wakaipaka rangi, wakamwaga misingi mipya, wakairudisha. Iligharimu zaidi ya dola milioni moja na nusu, nyingi zikiwa za michango. Si rahisi hata kidogo. Ila waliijua lifti yao, na baada ya hapo wamepata miaka mingine mingi.

Hapo niruhusuni nichepuke kidogo, kwa ajili ya mama. Kiti cha Mad River kilijengwa na American Steel & Wire. Kampuni hiyo, kupitia Trenton Iron ya New Jersey, ilirithi leseni ya mfumo wa njia za waya wa Adolf Bleichert wa Leipzig, Ujerumani. Na Bleichert huyo huyo ndiye aliyejenga, kabla ya Vita vya Kwanza, njia ya waya ya Usambara: kutoka msitu wa Shume hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga, kuteremshia mbao za mwangati. Kampuni yenyewe ilijivunia kuwa hiyo ilikuwa njia yao yenye mteremko mkali kuliko zote walizojenga duniani. Mama anakumbuka babu yake akisimulia magogo yanayopita angani. Kwa hiyo siku nyingine mtu akiniuliza pale chini ya lifti natafuta nini huku, jibu ninalo. Sisi tuliona waya huu kabla ya Vermont.

Turudi kwenye kamati. Jambo lililonifungua macho halikutoka kwenye historia ya Marekani, lilitoka kwa baba. Tulipokuwa wadogo alikuwa na Corolla mbili. Moja ilitembea. Ya pili ilikaa nyuma ya nyumba bila matairi, majirani wakilalamika, na kila mwezi alikuwa anakata kitu kwenye ile ya nyuma anakitia kwenye ya mbele. Lile la nyuma aliliita gari la kuchinja. Aliendesha ile ya mbele miaka 11.

Lifti yetu ilitengenezwa na Hall, kampuni iliyokuwa Watertown, New York. Walijenga mamia, wengi wetu tumepanda bila kujua, halafu wakatoka sokoni miaka ya 1980. Spea zake zinasakwa kama dhahabu. Nikaiangalia tena ile barua, nikaangalia picha walizoambatanisha. Nayo ni Hall. Fundi akathibitisha: makapi ni yale yale, vishikio ni vile vile, giaboksi inafanana na yetu.

Kwenye kikao nikasema tusiihamishe. Tuichinje. Lifti yetu ibaki pale ilipo, kwenye misingi yake, chini ya masharti yake ya zamani. Hela tuliyokuwa tuanze kuichangia kwa ajili ya zege na helikopta tununue waya mpya, kwa sababu wetu umebakiza misimu michache, na mfumo mpya wa kuiongoza. Kutoka kwao tuombe viungo tu: giaboksi, breki, makapi yote, viti vizuri 30 pamoja na vishikio vyake, ambavyo navyo tutavipima kabla ya kuvitumia.

Kulikuwa na upinzani wa haki. Dada mmoja anayeuza tiketi alisema foleni ya Jumamosi tayari ni nusu saa, na lifti ile ingeimaliza. Ni kweli, na sina jibu la foleni. Mwingine aliuliza fundi ana miaka mingapi. Fundi akajibu mwenyewe, 71, na kwamba kama tunataka kumrithi tuanze mwaka huu kuleta vijana wawili wa kujifunza, wawe wanalipwa. Hilo liliandikwa kwenye muhtasari kabla hata ya kura.

Kura zilikuwa sita kwa tatu. Kituo kikubwa walikubali. Wao walitaka iondoke tu, na chuma kinachobaki atakichukua muuza vyuma chakavu. Jumamosi iliyopita tulikwenda na lori la kukodi, watu wanane, vibandiko na kalamu ya wino mzito. Kila bolti tuliyofungua iliingia kwenye ndoo yenye namba ya nguzo yake. Baba naye alikuja. Ameshika spana kutwa nzima, na alikataa kuvaa kofia ya chuma mpaka fundi alipomwambia kwamba bila kofia haruhusiwi kugusa giaboksi.